Ulipotoka Kizimbani

Kwako Salha, mjukuu wangu,

Nakuandikia ukiwa bado hujatimiza miaka mitatu, kwa hiyo najua barua hii hutaisoma leo wala mwakani. Nitampa mama yako aiweke pamoja na kadi yako ya kliniki na cheti chako cha kuzaliwa, kwenye ile bahasha yake ambamo vitu havipotei. Ukishajua kusoma vizuri utaisoma mwenyewe. Ikikufikia ukiwa na mtoto wako, hiyo itakuwa bora zaidi, maana utaielewa haraka.

Nataka nikueleze jinsi ulivyohama kutoka kitanda chako cha kitoto ukaanza kulala kitanda cha watu. Ni jambo dogo. Kila mtoto hulipitia na hakuna anayelikumbuka. Lakini ndani yake kuna kitu nilichokifanya mimi ambacho si kizuri, na ningependa ukisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Ulikuja kwangu ukiwa na mwaka mmoja na mwezi mmoja. Mama yako alikuwa amepangiwa kufundisha Mkange, kule kaskazini kuelekea Saadani, na chumba alichopewa alichangia na mwalimu mwenzake. Baba yako mzazi alishakwenda zake kabla hujaota jino. Hayo mama yako atakusimulia mwenyewe akipenda. Basi alikuleta hapa Bagamoyo, nyumbani kwetu Majengo, siku ya Jumamosi, na Jumapili alfajiri akaondoka wewe ukiwa umelala. Tulikubaliana iwe hivyo ili usimwone akitoka. Mpaka leo sijui kama tulifanya sawa. Ulipoamka ulimtafuta nyuma ya mlango, ukamtafuta nyuma ya pazia, kisha ukaja ukasimama mbele yangu ukanitazama tu. Nikakupa uji.

Kazi yangu unaijua. Nashona sare za shule na madera hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele. Nyumba ya mshonaji haimfai mtoto anayejifunza kutembea: pini ziko chini, mikasi iko mezani, pasi ya mkaa inawaka pembeni. Mteja wangu mmoja aliposikia kwamba nimeletewa mjukuu, akanipa kitanda cha mtoto ambacho watoto wake walishakua wakakiacha. Kilikuwa cha mbao nzito, kina fito zilizosimama pande zote nne, na magurudumu madogo chini. Mchana nilikisukuma mpaka chumba cha mbele nikakuweka humo wakati nikishona, na jioni nilikirudisha chumbani kwangu.

Jirani yetu Bi Mwajuma alipokiona mara ya kwanza alicheka sana.

"Mtoto wa watu umemtia kizimbani," alisema. "Kosa lake nini?"

Tangu siku hiyo kikaitwa kizimba. Wewe mwenyewe ulilisema neno hilo kabla hujajua kusema maji. Ulikuwa unasema "zimba."

Kulala kwako kulikuwa na utaratibu, na ole wangu nikiruka hata hatua moja. Baada ya swala ya isha nilikuosha miguu, nikakupa futi yangu ya kupimia nguo, maana wewe wanasesere hukuwataka, ulitaka futi. Uliizungusha mkononi kama bangili. Kisha ukaanza kuuliza habari za watu.

"Mama kalala?"

"Kalala."

"Mbuzi kalala?"

Mbuzi walikuwa wa Bi Mwajuma. "Wamelala wote."

"Cherehani kalala?"

"Kalala, nimemfunika."

Tukimaliza orodha ulipitisha mkono katikati ya fito ukashika pindo la kanga yangu. Nikijaribu kuivuta kabla usingizi haujakukolea, uliamka tukaanza upya na mbuzi. Kwa hiyo nikajifunza kulala ubavu mmoja, nimegeukia kwako. Bega langu la kulia linaniuma mpaka sasa. Daktari anasema ni kwa sababu ya cherehani, nami simbishii.

Hivyo tuliishi mwaka na nusu. Mama yako alikuja kila alipopata nafasi, na kila alipokuja ulimkimbilia, ila usiku ulitaka pindo la kanga yangu. Yeye alilala kwenye mkeka upande wa pili wa chumba akituangalia. Hakuwahi kusema neno, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Kisha mama yako akaolewa na fundi Rama, fundi bomba wa Lugoba, akapata na uhamisho wa kufundisha huko huko. Wewe unamwita Baba Rama. Kabla ya ndoa alikuja hapa mara moja. Alikaa ukingoni mwa kiti, akala kidogo, akasema "Alhamdulillah" na "Nashukuru, mama," basi. Alipoondoka Bi Mwajuma aliniuliza nimemwonaje. Nikamwambia sijamwona, maana mtu asiyezungumza utamwonea wapi. Wewe ulimpa futi aishike, naye aliishika mpaka ulipoitaka tena. Hilo nililiona, ila wakati ule sikulitilia maanani.

Mwezi mmoja baada ya ndoa mama yako alinipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, shule zikifungwa nakuja kumchukua Salha. Chumba chake kipo. Kidogo, lakini chake."

Nikamwambia ni habari njema. Akaendelea: "Nilitaka nikuombe kitu. Umzoeshe kulala kitandani, peke yake, bila kizimba na bila kanga. Akija huku akilia kila siku usiku nitaona haya. Sitaki asumbue nyumba ya mtu."

"Nyumba ya mtu au nyumba yako?"

"Yangu, mama. Lakini ndiyo kwanza nimeingia."

Nikamwambia sawa, nitakuzoesha. Baada ya hapo sikufanya chochote kwa wiki mbili. Nilijiambia nina sare nyingi za kumaliza. Nilijiambia umeanza mafua. Mafua yenyewe yalikuwa ya siku moja.

Kilichonitoa kwenye uvivu huo ni vifungo. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikulaza kizimbani, nikatoka uani kuanua nguo kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Sikukaa hata dakika kumi. Niliporudi kizimba kilikuwa kitupu. Nikakukuta umekaa sakafuni chini ya cherehani, kopo langu la vifungo na pini limemwagika mbele yako, na mdomo umeufumba.

"Salha, fungua mdomo."

Ukatikisa kichwa.

"Mfungulie Bibi aone."

Ukafungua. Mlikuwa na vifungo vitatu vyeupe vya shati. Nilivitoa kwa kidole, kimoja kimoja, kisha nikakutazama chini ya ulimi, mashavuni na kooni. Nikakuvua nguo zote nikakukagua mwili mzima, maana pini zilikuwa zimetawanyika pale pale ulipokalia. Hakuna hata moja iliyokuchoma. Ulinitazama ukasema, "Tamu."

Nilikusanya vifungo na pini nikavirudisha koponi. Baadaye nikachukua futi nikakusimamisha ndani ya kizimba nikupime. Ubao wa juu, ambao siku uliyoletwa ulikuwa unakufika kidevuni, sasa ulikufika kifuani. Uliweka mguu mmoja kwenye ubao mwembamba uliolala katikati ya fito, ukavusha wa pili, ukashuka upande wa pili ukanitazama usifiwe. Kumbe ulikuwa unajua siku nyingi. Ulikuwa hujaona sababu tu.

Jioni hiyo hiyo nilianza kazi. Pini, sindano na vifungo vikaenda juu ya kabati. Pasi ikahamia jiko la nje. Mlango wa chumba cha mbele nikauwekea komeo juu, usipoweza kufika. Kesho yake nikatoa stoo kitanda alichokuwa akilalia mama yako alipokuwa mwanafunzi, cha futi tatu kwa sita, nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikakianika juani. Nikakiingiza chumbani nikakiegemeza ukutani. Upande uliobaki wazi nikaviringisha blanketi chini ya shuka liwe kama tuta, na chini sakafuni nikatandika godoro kuukuu, ukidondoka udondokee laini.

Tukaanza na usingizi wa mchana. Nilikupandisha nikakwambia, "Hiki ni kitanda cha Salha. Salha analala, Bibi yupo hapa kwenye kiti." Wewe uliona nimekuletea mchezo. Ulishuka, nikakurudisha. Ulishuka tena ukaenda kufungua kabati, nikakurudisha. Nilikuwa nimeamua kwamba sitagomba wala sitacheka, nitakurudisha tu bila kusema neno. Mara ya saba ulinishika uso kwa mikono miwili ukaniuliza, "Bibi, kasirika?" Nikasema sikukasirika. Mara ya kumi na moja nilikuwa nimechoka kuliko wewe, nikaenda kunywa maji. Niliporudi ulikuwa umepanda mwenyewe ndani ya kizimba, umejilaza, na macho umefumba.

Nilimweleza Bi Mwajuma kupitia ukuta wa uani. Alikuwa anatwanga.

"Kiondoe," alisema. "Akiendelea kukiona, hicho kitanda kingine atakiona cha kazi gani?"

"Nikipeleke wapi?"

"Mpe Zaina. Miezi miwili ijayo atakihitaji."

Zaina ni binti yake, anakaa mtaa wa pili, na ujauzito ulikuwa umemlemea. Basi asubuhi iliyofuata nilikifungua kizimba kwa bisibisi mbele yako makusudi, usije ukadhani kimeibiwa. Ulilia nilipong'oa ubao wa kwanza. Nilipofika wa tatu ulinyamaza ukaanza kunishikia skrubu. Bi Mwajuma alibeba upande mmoja, mimi mwingine, na wewe ulitaka chako, tukakupa fito moja iliyokuwa imelegea. Ulitangulia mbele umeishika kwa mikono miwili. Kila aliyetusalimia njiani ulimwambia, "Zimba hii."

Tulikiunga tena nyumbani kwa Zaina. Ulisubiri fito ya mwisho iingie mahali pake, kisha ukapanda ukaingia ndani ukalala chali.

"Changu," ulisema.

Zaina akaja akasimama kando ya kitanda. "Nipishe basi, mwanangu alale."

"Mwana wapi?"

"Yumo humu," akajionyesha tumbo.

Ulilitazama lile tumbo kwa muda mrefu. Ukatazama fito, ukanyoosha miguu ikagusa ubao wa chini. Halafu ukainua mikono nikutoe. Tulipofika kwetu ulimwambia Bi Mwajuma, "Zimba kidogo." Naye akakujibu kwamba ni kweli, kimekuwa kidogo, na si kosa lako.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka kuliko nilivyotaka. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda siku mbili. Siku ya tatu nikasogeza kiti mpaka katikati ya chumba, na pindo la kanga halikufika tena; ulinyoosha mkono, ukalikosa, ukanung'unika, ukaishika futi. Baada ya hapo kiti kikawa mlangoni. Kisha kikawa nje ya mlango, pazia limeshushwa, na wewe ukauliza habari za mbuzi kwa sauti kubwa, nami nikajibu nikiwa ukumbini. Ulidondoka mara moja, nikasikia kishindo nikakimbilia ndani. Ulikuwa umelala juu ya godoro la chini, hujaamka hata kidogo. Nikakuacha hapo hapo.

Mimi nikahamia chumba cha mbele. Nililala kwenye godoro kati ya cherehani na meza ya kukatia, komeo nimeliacha wazi. Wiki ya pili ikaisha ukawa unalala moja kwa moja mpaka asubuhi, kisha unashuka mwenyewe, unakuja unaniinamia na kusema, "Bibi, kumekucha." Siku moja mchana nilikusikia ukikohoa, nikaja mbio kukuangalia. Nikakuta umelala fofofo, pumzi imetulia. Nilisimama hapo nikitega sikio, na nikajua kwamba hakuna aliyekohoa.

Sasa lile jambo.

Mama yako alipiga simu akauliza, "Salha vipi? Ameshazoea?"

Nikasema, "Bado."

Sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka tu. Nilikuwa na nafasi ya kulirudisha, ingetosha kusema "bado kidogo lakini anaendelea vizuri," ila nikaendeleza: nikasema unalia, nikasema unataka kanga, nikasema kitanda kinakutisha. Wakati nasema hayo ulikuwa umelala chumbani, na kwa pazia lililokuwa wazi kidogo niliona nyayo zako.

Upande wa pili mama yako akasema taratibu, "Basi labda nimwache kwanza, mama. Mpaka mwakani. Sipendi kumtesa."

"Utakavyoona wewe," nikamjibu.

Nilikata simu nikarudi kwenye cherehani nikashona kola tatu, na zote nikazishona kinyume. Jioni nilipika wali wa nazi kana kwamba kuna sikukuu. Nakwambia hili bila kulipamba: nilifurahi. Nilifurahi siku nne nzima. Nilikuwa nimeongezewa mwaka.

Siku ya tano, Jumamosi, shule zimefungwa jana yake, mama yako alitokea mlangoni bila kuniarifu. Alikuja peke yake. Alisema hakupata usingizi akifikiri jinsi unavyolia, akaona aje akae nami siku mbili tukuzoeshe pamoja. Alikuwa amekununulia shuka yenye picha za samaki.

Tulikula mchana. Ulipomaliza ulifuta mdomo kwa mkono, ukamvuta mama yako chumbani umwonyeshe kitanda. Nilibaki ukumbini na vyombo. Nilimsikia akikusaidia kutandika ile shuka, nikakusikia ukimwonyesha samaki mmoja mmoja. Kisha ukamwambia, "Mama toka. Nalala."

Alitoka. Alisimama nje ya pazia akisubiri kilio. Uliniuliza mimi kama mbuzi wamelala, nikajibu kwamba wamelala, ukanyamaza. Alisubiri mpaka akasikia pumzi zako, ndipo akaja akaketi mbele yangu. Mama yako si mtu wa makelele, hilo unalijua.

"Mama, ulisema bado."

"Nilisema."

"Amezoea lini?"

"Ana siku kumi na tano."

"Kwa nini sasa?"

Nilikuwa nimeshika sahani, nikaiweka chini. Nilijaribu kutafuta sababu inayomhusu mtoto, nikakosa. "Mimi ndiye sijazoea," nikamwambia.

Alitazama sakafu. Nilidhani atanilaumu, na nilikuwa tayari. Alisema hivi, na maneno yake nayanukuu kama yalivyo: "Mama, mimi tangu nimwache hapa sijazoea hata siku moja. Kule Mkange nilikuwa nikifundisha darasa la kwanza najiuliza kama ameshakula. Nikija hapa analala ameshika kanga yako. Nilikuwa nalala kwenye ule mkeka nasema moyoni, alhamdulillah ana mtu. Halafu nalia."

Nilikuwa nimemwona kwenye ule mkeka mwaka na nusu, Salha, na sikuwahi kufikiri kwamba yuko macho. Nilifikiri mimi ndiye ninayejinyima.

Nikamwomba radhi. Mzazi kumwomba radhi mwanawe si jambo jepesi kwetu, ulimi unakuwa mzito, lakini nilimwomba na akasema yamekwisha. Tukaosha vyombo. Ulipoamka ulitukuta tunakunja nguo zako.

Aliondoka nawe Jumapili mchana kwa basi la Msata, njia ya kwenda Lugoba. Ulivaa gauni la njano nililokushonea, ukakaa dirishani, ukanipungia mkono kama mtu anayekwenda dukani. Hukulia. Hatukukudanganya kwamba utarudi jioni. Mama yako alikueleza mara tatu kwamba unakwenda kukaa kwake, nawe ulijibu "Haya" mara zote tatu. Basi lilipopinda kona Bi Mwajuma alinishika mkono akaniuliza nitapika nini. Nikamwambia sijui. Akasema twende tukapike kwake.

Nilikaa mwezi mzima bila kuja, kwa makusudi, upate kuzoea. Mama yako alipiga simu akasema unalala. Siku mbili za mwanzo uliniulizia, ya tatu uliniulizia mchana tu. Sikumuuliza ya nne.

Nilipokuja Lugoba ulinipokea ukanivuta moja kwa moja chumbani kwako. "Bibi, hapa kwangu." Chumba chenyewe ni kidogo kama alivyosema mama yako, kina dirisha moja, na kile kitanda niliposogea kukiangalia nikaona kina kimo cha ajabu. Kiko chini mno, hata mimi nikikikalia magoti yananifika kidevuni. Nikainama nikaona miguu yote minne imekatwa kwa msumeno, mmoja mfupi kuliko mingine, na chini yake pamewekwa kipande cha bati.

Fundi Rama alikuwa amesimama mlangoni. Naona aliona haya.

"Kilikuwa kirefu, mama," alisema. "Nilikinunua kabla sijampima. Siku ya kwanza nikaona akishuka lazima aruke. Nikachukua msumeno wangu wa mabomba. Mguu wa kwanza nikaukata mfupi, ikabidi mingine iufuate. Kila nikisawazisha, mmoja unazidi. Nikaona nikiendelea litabaki godoro."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Mama yako alicheka mpaka akajishika ukuta. Mimi nilikikalia kile kitanda, kikayumba kidogo kikatulia, nikamwambia kimo chake ni sawasawa.

Mchana ulilala. Nilikaa barazani na mama yako tukichambua mchicha, na fundi Rama alikuwa uani akitengeneza koki. Ulipoamka ulitoka mwenyewe, macho bado yana usingizi, nywele zimelala upande mmoja. Mimi nilikuwa karibu na mlango, hatua mbili tu. Ulinipita. Ulikwenda mpaka uani ukapanda mapajani kwa Baba Rama, naye akaweka spana chini, akakufuta jasho shingoni kwa kiganja, akaendelea kukaa hivyo bila kusema kitu mpaka ulipoamka sawasawa.

Iliniuma. Nakwambia ukweli kwa sababu nilishadanganya mara moja na sitaki kurudia. Iliniuma kwa muda wa kuchambua fungu moja la mchicha. Nilipochukua la pili nilikuwa nafikiri kwamba yule mtu atafika mbali nawe, na kwamba mama yako hatalala tena kwenye mkeka wa upande wa pili.

Siku naondoka ndiye aliyenisindikiza kituoni. Alibeba mfuko wangu na ule wa mahindi aliyonichumia. Basi lilipokaribia aliniambia, "Mama, akiumwa nitakupigia mimi mwenyewe, usisubiri kuambiwa na mtu." Nikamjibu nashukuru, baba. Nilimwita baba kama tunavyowaita wakwe zetu, na safari hiyo sikulisema kwa adabu tu.

Alinipigia juzi. Homa kidogo, imekwisha, umekula, umelala.

Salha, hutakumbuka hata kimoja kati ya haya. Hutakumbuka uliyemshika kanga wala aliyekutoa vifungo mdomoni, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mtoto aliyelelewa vizuri hana haja ya kukumbuka alilazwaje. Mimi nakumbuka kwa ajili yetu wote wawili. Nimeyaandika ili ujue kwamba ulipojifunza kulala peke yako wapo watu wazima watatu waliokuwa wakijifunza pamoja nawe, na kati ya wote wanne wewe ndiye uliyefuzu mapema.

Ukiwa na swali ambalo sikulijibu humu, njoo uniulize. Kama sitakuwepo, muulize mama yako. Anajua yote, hata yale ambayo sikutaka ajue.

Nakutakia usingizi mwema wa leo na wa siku zote,

Bibi yako, mzaa mama yako.